Jandarme Bila Farasi

Cibitoke ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, na barabara zake zimepewa namba badala ya majina. Ukimwuliza mtu anakaa wapi atakutajia avenyu ya ngapi, kisha atakunyoshea mkono. Ndani ya jina la mtaa limo neno la Kirundi la ndizi, ibitoke, na hadi leo asubuhi utaona baiskeli zinaingia mjini zimefungwa mikungu mingi kiasi kwamba mwendeshaji haonekani. Kirundi ndicho cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni, Kifaransa cha karatasi. Mtu mmoja anaweza kupita katika lugha zote tatu kabla hajamaliza kununua dagaa.

Hapo, jioni moja, nilikuwa nimeketi kwenye benchi la fundi baiskeli. Gari la polisi likapita polepole, askari wamekaa nyuma mgongo kwa mgongo, mitutu ikielekea juu. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja tairi lake lizibwe pancha aliinamisha kichwa mpaka gari likapita. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea:

“Majandarme hao.”

Alikuwa na mjukuu wake, mvulana wa miaka kama kumi.

“Babu, hao si majandarme. Ni polisi.”

“Ni wale wale.”

“Jandarme ni nani, babu?”

Mzee akamtazama fundi, akanitazama mimi, akatazama barabara. “Jandarme,” alisema hatimaye, “ni jandarme.”

Mtoto hakuridhika na jibu hilo, wala mimi sikuridhika. Mvulana yule alizaliwa wakati jandarmeri ya Burundi ilikwisha kufutwa miaka mingi. Hakuna kituo chenye jina hilo mlangoni, hakuna gari lenye jina hilo ubavuni. Hata hivyo neno lilikuwa limekaa mdomoni mwa babu yake, zima kabisa, na liliweza kumwinamisha kichwa. Neno askari lilitufikia kutoka kambi za Waarabu. Safari ya jandarme ni ndefu zaidi, na sehemu kubwa yake ilisafiriwa juu ya mgongo wa farasi.

Tuanze na mwili wa neno. Katika Kifaransa cha kale watu walisema gens d'armes. Gens ni watu, armes ni silaha. Watu wa silaha, basi, na hapo hapajatokea jambo la ajabu. Maneno hayo matatu yalitamkwa pamoja mara nyingi mno, mipaka yake ikafutika masikioni, yakawa neno moja la wingi: gendarmes. Kisha wingi huo ukazaa umoja. Mtu mmoja akaitwa gendarme, na kwa sarufi ya wazee wao hilo ni sawa na mtu mmoja kuitwa “watuwasilaha”.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Sisi tuliipokea kitab ya Waarabu, tukasikia ki- yetu mwanzoni mwake, tukazaa vitabu ambavyo Mwarabu hawezi kuvitambua. Mwana na nchi vimeungana kuwa mwananchi, na leo hakuna anayesimama katikati ya neno hilo kumtafuta mwana. Lugha zote hufanya hivi. Warundi nao, neno lilipowafikia, waliliwekea viambishi vyao: umujandarume akiwa mmoja, abajandarume wakiwa wengi. Kiswahili cha Bujumbura na cha Kongo kikaliweka penye ma-, pamoja na mapolisi na madaktari: jandarme, majandarme. Neno lililokuwa tayari wingi uliosahauliwa likapewa wingi mpya.

Mtu wa pwani akilisikia kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni ndugu wa jemadari. Sauti zinakaribiana, kazi zinakaribiana, lakini undugu haupo. Jemadari alitoka upande wa Bahari ya Hindi, kwa njia ya Uajemi na India. Nusu yake ya kwanza ni jamaa, yaani kundi la watu, na nusu ya pili ni mshikaji: mwenye kulishika kundi. Wazee wa Mombasa na Unguja waliwajua majemadari wa Kibaluchi waliowatumikia masultani wa Zanzibar katika ngome zao. Maneno mawili ya vita yaliingia Afrika Mashariki, moja kwa jahazi kutoka mashariki, jingine nyuma ya Wabelgiji kutoka magharibi, na yakakutana katika kinywa cha msemaji mmoja bila kujuana.

Lakini gens d'armes hawakuwa watu wowote tu wenye silaha. Mkulima mwenye upinde alikuwa na silaha. Mlinzi wa lango mwenye mkuki alikuwa na silaha. Hao hawakuitwa hivyo. Jina lilikuwa la mtu aliyevikwa chuma kutoka utosini hadi vidoleni, aliyepanda farasi mkubwa, mwenye mkuki mrefu wa kubanwa kwapani. Vazi lake la chuma lilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25, na farasi wake mara nyingi alivikwa chuma pia. Kumiliki vitu hivyo kulihitaji ardhi na watu wa kuilima. Kwa hiyo gendarme alikuwa mtoto wa ukoo mkubwa, na heshima yake ilianzia tandikoni.

Mwaka wa kuukumbuka hapa ni 1445. Ufaransa na Uingereza zilikuwa zimepigana kwa zaidi ya karne moja, katika mapigano ambayo vitabu huyaita Vita vya Miaka Mia, na mwaka mmoja nyuma yake yalikuwa yamepatikana mapatano ya kusimamisha vita. Amani ikaleta balaa lake. Maelfu ya wapiganaji walikuwa hawana mshahara wala vita, na kazi waliyoijua ilikuwa moja tu. Walizunguka vijijini wakipora, wakichoma, wakiteka watu ili walipwe fidia. Raia waliwapa jina la écorcheurs, wachuna ngozi. Nikisoma habari zao siwezi kuacha kuufikiria ukanda wetu, hapa palipo na Burundi, Kongo na Rwanda, ambako mara nyingi tumeyaona makubaliano yakitiwa saini huku watu wenye bunduki wakibaki vichakani na njaa yao.

Mfalme Charles wa Saba alifanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka. Aliwachagua wapiganaji waliokuwa bora, akawaweka kwenye mshahara wa kudumu, wakati wa vita na wakati wa amani, na wengine akawaamuru warudi makwao. Vikosi vilikuwa 15. Kila kikosi kilikuwa na “mikuki” 100, na mkuki mmoja, kwa hesabu yao, ulikuwa ni watu sita wenye farasi: gendarme mwenyewe, mtu wa sime, kijana wa kumtumikia, wapiga mishale wawili na mtwana mmoja. Jumla yake watu 9,000, na kati yao magendarme wenyewe walikuwa 1,500. Fedha zilitoka kwenye kodi ambayo mkulima aliendelea kuilipa miaka yote, vita iwepo isiwepo.

Hivyo gendarme wa kwanza kulipwa mshahara na serikali alizaliwa kuwa dawa ya watu wenye silaha wanaowala raia. Ni jambo ninalolichukulia kwa uzito mkubwa, maana mzee wa Cibitoke hakuliinamia neno la dawa. Kitu fulani kilitokea njiani.

Farasi wa gendarme alikuwa na miaka themanini mizuri ya kubaki. Mwaka 1515, kule Marignano katika Italia ya kaskazini, mfalme Francis wa Kwanza aliongoza magendarme wake wakaishinda miraba ya Waswisi iliyokuwa ikiogopwa na Ulaya nzima. Miaka kumi baadaye, Februari 1525, mfalme yule yule na magendarme wale wale walishambulia karibu na mji wa Pavia. Safari hii walipokewa na watu wa miguu wenye bunduki za utambi. Chuma kilichowagharimu wazazi wao mashamba kilitobolewa na risasi ya mtu ambaye hakuwa na ukoo wa kutajwa. Mabwana wakubwa wengi walikufa siku hiyo, na mfalme mwenyewe akakamatwa mateka. Tangu hapo ule mkuki mrefu ukaanza kutoka mikononi, na kufikia mwisho wa karne hiyo ulikuwa umekaribia kusahauliwa. Jina gendarme lilibaki kwa vikosi vichache vya fahari vya wapanda farasi wa mfalme, na mwaka 1788 kikosi kikubwa kilichobaki na jina hilo kilivunjwa kwa kuwa hazina haikuwa na fedha. Neno likabaki bila mwenyewe.

Sasa inabidi tulifuate neno jingine, kwa sababu polisi wa Ufaransa hawakutokana na magendarme hata kidogo. Walitokana na watumishi wa banda la farasi.

Zamani sana, makabila ya Kijerumani yaliyoitawala Ufaransa yalikuwa na mtumishi wa kuangalia farasi. Kwao marh ni farasi, skalk ni mtumishi. Mtumishi huyo aliishi karibu na mfalme, na anayeishi karibu na mfalme hupanda cheo. Karne zilipopita, mchunga farasi akawa mkuu wa majeshi: ndiye marshali. Mwenzake, konstebo, ambaye Kiswahili cha Kenya na Tanzania kinamjua kama askari polisi wa cheo cha chini, alianza kwa Kilatini kama comes stabuli, bwana wa banda la farasi. Mmoja alipanda kutoka kwenye samadi hadi kwenye ujemadari. Mwingine, nchini Ufaransa, alifika kuwa mkubwa kuliko marshali, ila njia ya Kiingereza ikamshusha hadi kwenye lindo la usiku.

Marshali wa Ufaransa walikuwa na watu wa kuwafuatilia wanajeshi watoro na waporaji. Kundi hilo liliitwa maréchaussée. Mwaka 1536 mfalme aliwaongezea kazi: pamoja na wanajeshi, wawakamate pia majambazi wote wa barabara kuu, raia kwa wasio raia. Mwaka 1720 wakapangwa upya na kutawanywa nchi nzima katika vikundi vidogo vya watu wanne au watano, kila kikundi na kituo chake kando ya barabara, kila mtu na farasi wake. Kikundi hicho kidogo kiliitwa brigade.

Nataka kusimama kidogo kwenye neno hili la pili, maana nalo limefika Bujumbura. Jeshini brigedi ni maelfu ya wanajeshi chini ya mkuu mmoja. Lakini katika lugha ya maréchaussée, na ya jandarmeri iliyokuja baadaye, ni kituo kidogo, nyumba moja na watu wachache. Warundi wa rika la mzee wangu wanalijua neno hilo kwa maana ya kituo: mahali unapopelekwa, mahali ambapo mke huja na chakula kwenye sufuria ndogo akiuliza kama mume wake yumo. Jandarmeri ya Burundi ilikuwa na Brigade Spéciale de Recherche mjini Bujumbura, iliyofupishwa BSR, na katika miaka ya 1990 ripoti za Amnesty International zililitaja jina hilo zilipoeleza mateso ya waliofungwa. Ukitaka kujua kwa nini neno linaweza kuinamisha kichwa, sehemu ya jibu iko hapo.

Maréchaussée walikuwa watu wapatao 4,000 tu mkesha wa Mapinduzi ya Ufaransa, katika nchi ya watu milioni 28 hivi. Hawakuweza kuwa kila mahali. Nguvu yao ilikuwa kupita. Walipita barabarani, wakapita sokoni, wakapita sikukuu ya kijiji, na walipita wakiwa juu. Jicho la mtu aliyepanda farasi liko karibu mita mbili na nusu kutoka ardhini. Analiona paa la kibanda chako na kilichoanikwa nyuma ya ua wako, nawe humwoni usoni mpaka uinue shingo. Kabla ya kumwona, umekwisha kumsikia: kwato kwenye mawe. Kijiji kilikuwa na muda wa kuficha kinachofichwa.

Mapinduzi yalikuja 1789. Wanamapinduzi walikihitaji kikosi cha maréchaussée, lakini hawakulitaka jina, maana lilinukia marshali na mfalme. Jina la gendarmerie lilikuwa jirani, maana kwa miongo mingi maréchaussée walikuwa wakihesabiwa kwenye daftari pamoja na wapanda farasi wale wa fahari, kwa ajili ya cheo na heshima. Wale wa fahari walikuwa wamevunjwa. Sheria ya Februari 16, 1791, ikalichukua jina lililoachwa na kuwavika polisi wa barabarani: Gendarmerie nationale. Mwezi Aprili 1798 sheria nyingine ndefu ikaeleza kazi zao zote.

Kwa hiyo nguo ya bwana mkubwa ilivaliwa na mjukuu wa mchunga farasi. Maana ya neno ikageuka katika mwaka mmoja, kwa mkono wa sheria, jambo ambalo kwa kawaida lugha hulifanya kwa karne. Kilichobaki kilikuwa farasi, silaha na uanajeshi. Gendarme alikuwa polisi, lakini alilala kambini, alikuwa na cheo cha kijeshi, na aliwatii wakubwa wa kijeshi. Alikaa kati ya raia bila kuwa mmoja wao.

Ubelgiji ilimezwa na Ufaransa mwaka 1795, na jandarmeri ikaingia pamoja na sheria nyingine za Kifaransa. Napoleon alipoanguka, nchi hiyo iliwekwa pamoja na Uholanzi chini ya mfalme Willem wa Kwanza. Mfalme huyo hakulipenda jina la Kifaransa la kimapinduzi, akaanzisha kikosi chake mwaka 1814 na kukiita Marechaussee, akilifufua lile ambalo wanamapinduzi walilizika. Wabelgiji walipojitenga mwaka 1830, walirudi kwenye gendarmerie. Hadi leo Uholanzi ina Marechaussee yake. Mpaka kati ya nchi hizo mbili ndogo ulikuwa pia mpaka kati ya maneno mawili, moja la banda la farasi na jingine la tandiko.

Ndipo neno likaja Afrika ya Kati, na farasi hakuja nalo.

Si kwamba watawala hawakuwapenda farasi. Ardhi iliwakataa. Ndorobo huambukiza nagana, na farasi hana kinga nayo. Mahali ambapo ndorobo hayupo, kuna vijidudu vidogo kuliko mbu vinavyoeneza ugonjwa mwingine wa farasi, unaoanza kwa homa na kuishia kwa povu puani, mara nyingi kwa siku chache tu. Vita Kuu ya Kwanza ilitoa ushahidi mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1916 jenerali Jan Smuts alimtuma van Deventer na brigedi yake ya wapanda farasi wa Afrika Kusini kupenya hadi Kondoa Irangi, katika Tanzania ya leo. Walifika Aprili, na njia waliyopita ilitapakaa mizoga. Katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki walikufa makumi ya maelfu ya farasi, nyumbu na ng'ombe wa kuvuta mizigo. Kilichoendelea na vita kilikuwa kichwa na bega la mpagazi. Wabelgiji na askari wao wa Kongo, Force Publique, walioingia Usumbura, Bujumbura ya leo, mwezi Juni mwaka huo huo, walikuja kwa miguu, na mizigo yao ilibebwa na watu.

Kirundi chenyewe kinatoa ushahidi. Kwa ng'ombe kina maneno ya kila rangi, ya kila umbo la pembe, ya kila hatua ya ujana na uzee. Kwa farasi kina neno moja, ifarasi, na hilo ni la Kiswahili lililovikwa i- mwanzoni, nasi tulilipata kwa Waarabu. Jina la mnyama lilipanda kutoka pwani hadi ziwa Tanganyika, likawafikia watu ambao mnyama mwenyewe hakuwafikia.

Force Publique ilifanya kazi zote mbili, ya vita na ya kutuliza raia, kwa miongo mingi. Mwaka 1959, uhuru ukiwa mlangoni, sehemu yake iliyokuwa ikilinda usalama wa ndani ilipewa jina la jandarmeri. Mwaka uliofuata, Julai 11, Moïse Tshombe alitangaza kuwa Katanga imejitenga na Kongo, na jeshi la Katanga likaitwa Gendarmerie. Hilo lilikuwa jeshi kamili, lenye mamluki na magari ya vita. Katanga ikaanguka Januari 1963, wengi wa askari hao wakavuka kwenda Angola, lakini jina halikuwaacha. Walipoivamia Shaba, jina jipya la Katanga, mwezi Machi 1977, na tena Kolwezi mwezi Mei 1978, dunia iliendelea kuwaita majandarme wa Katanga, miaka 15 baada ya nchi yao kutoweka. Kwao neno lilirudi lilikotoka: watu wa silaha, wanaokwenda vitani.

Burundi ilipata uhuru Julai 1, 1962, ikiwa na jeshi upande mmoja na jandarmeri upande mwingine. Utengano huo haukudumu. Usiku wa Oktoba 18 kuamkia 19, mwaka 1965, maofisa wa pande zote mbili walijaribu kumpindua mfalme Mwambutsa. Aliyetajwa kuwa kiongozi wao, Antoine Serukwavu, ndiye aliyekuwa katibu wa serikali anayeshughulikia jandarmeri. Jaribio lilishindwa. Yeye alikimbia nchi, na waliobaki, maofisa na wanasiasa wa Kihutu, walikamatwa na wengi wakauawa. Mwaka 1967 jandarmeri iliingizwa ndani ya jeshi, chini ya amri moja.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, neno lilipopata uzito ambao mzee wa Cibitoke aliubeba. Mtu anayekuja kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba alikuwa sasa tawi la jeshi lile lile lililoshika nchi. Kuanzia mwaka 1993, vita ilipoingia hadi ndani ya mitaa, na kaskazini mwa Bujumbura watu wakawa wanalala na viatu miguuni, neno jandarme lilisemwa kwa sauti ya chini. Mtoto aliyekulia miaka hiyo alijifunza matamshi yake pamoja na sauti yake.

Makubaliano ya Arusha, yaliyotiwa saini Agosti 28, 2000, yaliamua kwamba jeshi na polisi vitengane na kuundwa upya. Sheria iliyounda Polisi ya Taifa ya Burundi ni ya Desemba 31, 2004. Jandarmeri, polisi wa usalama wa umma, polisi wa mipaka, polisi wa upelelezi wa mahakama, pamoja na watu waliotoka vikundi vya waasi, wote waliingizwa chini ya jina moja. Rwanda ilikuwa imeifuta jandarmeri yake Juni 2000. Ubelgiji yenyewe, iliyolileta neno, iliifuta ya kwake mwanzoni mwa 2001. Ndani ya miaka mitano jina lilitoweka kwenye milango ya nchi tatu zilizokuwa zimefungwa pamoja na historia moja.

Ufaransa bado inalo. Na Paris, katika kikosi cha Garde républicaine ambacho ni sehemu ya jandarmeri, bado kuna wapanda farasi waliovaa helmeti zenye kishungi, wanaowasindikiza wageni wa rais. Ukiwatazama wakipita unaliona neno zima, kama lilivyokuwa.

Nilimwonyesha picha yao mvulana wa Cibitoke. Nilikuwa nimerudi kwa fundi yule yule wiki kadhaa baadaye, na babu na mjukuu walikuwa hapo, safari hii kwa ajili ya mnyororo. Nilieleza kwa kifupi: watu wa silaha, chuma, mikuki, mfalme, majambazi wa barabarani. Mvulana aliishika simu kwa mikono miwili. Alijua ifarasi kwa jina na kwa picha za kitabu cha shule.

“Babu, na wa kwetu, farasi wao waliwaacha wapi?”

“Hawakuwa nao.”

“Sasa watu walijuaje kwamba wanakuja?”

Mzee alikuwa ameshika gurudumu ili fundi akaze nati. Hakuliachia.

“Viatu,” alisema. “Tulisikia viatu.”